Mashahidi Wawili Kila Asubuhi

Ilianza na sandali. Jioni moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza kukolea, nilivua sandali zangu za shule nikakuta mkanda umechimba mfereji juu ya mguu. Nikasubiri upotee. Nilikula, nikaswali, nikamaliza hesabu za mwalimu, nikautazama tena: bado upo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la sita, na sikumwambia mtu.

Ninaandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye leo asubuhi ameona uso wa mwanawe umevimba akadhani amelala vibaya. Sitaeleza figo zinavyofanya kazi. Daktari atakueleza, na ukifika mlangoni utakuwa umeshasahau nusu, kama alivyosahau mama yangu. Nitaeleza yale ambayo sisi hakuna aliyetuambia.

Tuliishi Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Baba alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa ule uwanja wa mbele ya nyumba. Mama aliuza vitenge sokoni. Bibi, aliyemzaa Baba, alikaanga maandazi barazani kuanzia alfajiri, na mimi alikuwa ananiita mke mwenzake, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Vita vilikuwa vimedumu miaka kadhaa. Sisi watoto tulijua kutofautisha mlio wa risasi za milimani na wa zile za karibu, na tulijua saa ya kuwa ndani. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, sukari ilipatikana kwa bahati, na watu wazima wote wa mtaani walikuwa wamekaza mikanda kwa matundu mapya waliyoyatoboa kwa msumari.

Ndiyo maana kosa letu la kwanza lilikuwa furaha. Katikati ya watu waliokonda, mimi nilianza kunenepa. Mashavu yalijaa. Vifungo vya gauni langu la shule, lile la buluu, vilianza kugoma. Wateja wa Bibi walinitazama wakatikisa vichwa.

"Maashallah! Uyu mutoto munamulisha nini?"

"Maandazi ya bibi yake," Bibi alijibu, akiniongezea moja. "Mwenye wivu anunue."

Mama alifungua mishono ya gauni akaitoa nje, akiimba. Nakumbuka wimbo ule kwa uchungu kuliko kitu kingine chochote cha mwaka ule, kwa sababu aliimba kwa fahari, na wakati huo huo asubuhi macho yangu yalikuwa hayafunguki vizuri. Wiki ya tatu nilipanda ngazi za shule nikakaa chini katikati, nimeishiwa pumzi. Mwalimu alinirudisha nyumbani.

Hospitali kubwa ilikuwa upande wa kaskazini, na basi lilikwenda pale siku ambazo barabara ilikuwa wazi. Tulikaa kwenye benchi la zege toka asubuhi. Katika chumba kile watu hawakuulizana wanatoka mtaa gani, maana siku zile jibu la swali hilo lilikuwa zito. Mimi nilitazama viatu. Viatu vyenye tope mpaka kifundoni vilikuwa vya waliotembea kutoka Kinama au mbali zaidi. Viatu safi vilishuka kwenye gari. Wote walisubiri mlango uleule, na mlango ulipofunguka wote walinyanyua vichwa kwa pamoja, kama kuku waliosikia mahindi.

Aliyetuita alikuwa muuguzi mmoja mrefu, Perpetua. Yeye mwenyewe alikuwa mkazi wa Kinama na alikuja kazini kwa miguu. Viatu vyake vya kazi alivileta ndani ya mfuko. Hakunipima kwanza. Alipiga goti, akabonyeza mfupa wa mguu wangu kwa kidole gumba, akahesabu, akatoa kidole. Shimo likabaki, jembamba na jeupe.

"Mama Zuhura," alisema, "uyu mutoto haiko munene. Iko maji."

Mama alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha ambao hajauelewa. Kisha akaacha.

Daktari alisema mambo mengi kwa Kifaransa, na Perpetua akayafupisha. Nitameza vidonge vingi kila siku kwa muda mrefu. Sitakula chumvi hata punje. Protini inatoka kwenye mkojo, na kila asubuhi lazima tutazame kama bado inatoka. "Mukojo ukiwa safi, mutoto atapona. Ukikataa kuwa safi, hapa hatuna mashine ya kumusaidia." Mama hakuuliza mashine hiyo iko wapi. Mipaka ilikuwa imefungwa.

Vibanzi vya kupimia mkojo havikuwepo nchini. Perpetua alitupa kichupa kirefu cha kioo na kutufundisha njia ya zamani. Unajaza mkojo robo tatu, unakishika kwa kibanio cha nguo, unachemsha sehemu ya juu kwenye moto, unadondoshea limau. Ukibaki kama chai ya rangi, vizuri. Ukiingia wingu jeupe, kama yai linaloanza kuiva, si vizuri. Niandike kwenye daftari: duara kwa mkojo safi, msalaba kwa mweupe. Mkojo ukishakuwa safi, kisha ije misalaba mitatu mfululizo, turudi mara moja nilazwe.

Basi hivyo ndivyo siku zetu zilivyoanza. Bibi alisogeza sufuria la mafuta, na kwenye mbabula ileile, jiko letu la makaa, Mama akachemsha mkojo wangu kabla ya kwenda sokoni. Siku kumi na saba, misalaba. Nilijifunza kusoma mgongo wa mama yangu. Mabega yakishuka, hata sikuhitaji kuona kichupa.

Suala la chumvi Bibi alilimaliza siku ya kwanza. Mama alikuwa amepanga kunipikia kando, kwenye sufuria dogo. Sisi tulikula kwenye sinia moja, na katika nyumba yetu aliyekula peke yake alikuwa mgeni au aliyekosa adabu.

"Mutoto atakula peke yake kama mukoma?" Bibi aliuliza. "Apana. Tutapika bila chumvi, sote. Mwenye kutaka chumvi, iko kwenye kisahani, ajipakulie upande wake."

Kisahani cha buluu kiliwekwa pembeni ya sinia. Siku za mwanzo hakuna aliyekigusa, kwa aibu. Tulikula maharagwe yaliyokuwa na ladha ya maji ya kuoshea mikono. Baba alitafuna, akameza, akasema alhamdulillahi, kisha akakumbuka mteja fulani anamsubiri, akainuka.

"Mukaka anayeuza mishikaki pale kwenye kona," Bibi alisema bila kuinua uso, "naye iko na gari yenye kuharibika?"

Baba alirudi akakaa.

Siku ya kumi na nane mkojo ulikuwa safi. Nilichora duara kubwa kupita mistari. Vidonge vilikuwa vimeniondolea maji, lakini vilinipa sura nyingine: uso wa mviringo kama mwezi kamili, vinyweleo mashavuni, na njaa isiyoshiba. Nikarudi shuleni hivyo.

Kulikuwa na Janvier, aliyekaa dawati la nyuma. "Mupishe! Mupira unapita!" Darasa zima lilicheka. "Zuhura, Jumamosi tuko na mechi, utakuja? Mupira wetu umepasuka."

Espérance, niliyekaa naye dawati moja, aligeuka polepole. "Janvier, we kichwa yako ni mupira pia. Shida tu, akuna hewa ndani."

Nilicheka na wengine. Chooni nililia. Kisha nikarudi darasani, kwa sababu mwalimu alikuwa anatuandaa kwa mtihani wa taifa wa darasa la sita, ule tunaouita konkuru, na nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko vidole vyetu. Nilitaka nafasi hiyo kwa nguvu ambayo leo inanishangaza. Nadhani nilifikiri mtu mwenye nafasi sekondari hawezi kufa kabla hajaitumia.

Ramadhani ikaingia, Mama na Bibi wakanikataza kufunga. Mwaka ule watu hawakuweza kukaa nje kutafuta mwezi, kwa ajili ya amri ya kutotoka nje usiku. Walipanda juu ya madumu ndani ya nyua zao, wakaulizana kupitia kuta: "Umeuona?" "Mi nimeona kama kauzi." "Nani mwingine ameona?" Bibi alikataa habari ya mtu mmoja. Mpaka fundi cherehani wa nyumba ya tatu aliposema naye ameuona, ndipo alipotia nia.

Mvua kubwa zikapita. Vidonge vikapunguzwa mara mbili. Maduara yalijaa kurasa, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa utaratibu, Mama aliniachia kazi ya kichupa akatangulia sokoni. Kiangazi kilipoanza na vumbi likatanda, nilishikwa na mafua, na Ijumaa moja, siku sita kabla ya konkuru, wingu lilirudi.

Nilidondosha limau. Wingu likabaki. Nikadondosha jingine. Bibi alikuwa barazani anabishana na mteja. Nilimwaga mkojo, nikaosha kichupa, nikafungua daftari.

Nikachora duara.

Ninajua nilivyofikiri, kwa sababu nilifikiri kwa mpangilio. Misalaba mitatu ni kulazwa. Kulazwa ni kukosa konkuru. Ijumaa mpaka Alhamisi ni asubuhi sita tu. Nikishamaliza mtihani nitachora misalaba yangu yote kwa mkupuo. Jumamosi nilichora duara. Jumapili nilichora duara. Jumatatu niliacha kuvaa sandali, nikavaa kandambili za Mama, ambazo mkanda wake ulikuwa umelegea, hauna namna ya kunishtaki.

Jumatano baada ya alasiri Bibi aliniita barazani anipake mafuta ya mawese miguuni. Alikuwa na kawaida hiyo wakati wa vumbi. Mbele yake lilikuwa beseni la unga wa kesho, limefunikwa. Alifunua akabonyeza unga kwa kidole gumba kuona kama umeumuka. Unga ukapanda tena taratibu. Kisha, kwa kidole hichohicho, bila kubadilisha uso, akabonyeza mfupa wa mguu wangu.

Shimo halikupanda.

Alisubiri. Alibonyeza pembeni. Mashimo yakawa mawili.

"Lete daftari."

Bibi hakujua kusoma hata herufi moja, lakini duara na msalaba alivijua. Alipitisha kidole juu ya ukurasa, duara kwa duara.

"Muke mwenzangu," alisema, "uyu aliyeandika apa, aliona?"

Aliyejibu ni uso wangu, na wakati huo ulikuwa uso mkubwa.

Sikupigwa. Nilitamani nipigwe. Mama aliporudi alikaa juu ya robota lake la vitenge akatazama daftari muda mrefu, na hakunitazama mimi. Saa ya amri ilikuwa inakaribia, hatukuweza kutoka mpaka asubuhi. Palipopambazuka, siku ya konkuru, Baba alisimama mlangoni akiwa na rula na kalamu zangu mkononi.

"Ni masaa machache tu," alimwambia Bibi. "Afanye, kisha nitawapeleka mimi mwenyewe. Mama, mutoto amesoma mwaka muzima."

"Konkuru itarudi mwaka kesho," Bibi alisema. "Uyu akienda, we utamurudisha na nini? Na rula?"

Baba aliweka rula mezani.

Basi la kwenda hospitali lilipita Kigobe, kwenye majengo ya serikali, na kando ya barabara watoto walikuwa wanakwenda kwenye mtihani, magauni ya buluu na makaptula ya kaki, kila mmoja na kalamu mbili. Kwenye kizuizi askari alitushusha. Aliniangalia usoni, akaangalia miguu, akamwambia Mama kwa sauti ya chini: "Pandeni, pandeni haraka." Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kama askari ameona, basi hali ilikuwa mbaya kuliko nilivyojiambia.

Daktari alifungua daftari. Akakunja uso. "Maduara sita, na miguu hii?"

Mama alikuwa karibu kusema jambo la kunifunika. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Si kweli," nilisema. "Yote sita si kweli. Niliona nyeupe."

Perpetua alichuchumaa mbele yangu. "Wihangane, mwana wanje," alisema kwa Kirundi, pole mwanangu. Kisha akanipa kalamu yake. "Sasa andika vile uliona." Nikaweka msalaba ndani ya kila duara. Mpaka leo ukurasa ule unaonekana kama magurudumu sita.

Nililazwa wiki mbili, wawili kitanda kimoja. Vidonge vikarudi kwenye idadi ya mwanzo. Mkojo haukusafika. Siku ya kumi na nne daktari alisema nirudi nyumbani kuendelea, kwa kuwa kitanda kilihitajika, na kwamba tungoje wiki nne kamili toka siku ya kulazwa. Mama aliuliza ni nini kitafuata baada ya nne. Daktari alipanga karatasi zake.

Nyumbani hakuna aliyesema kwamba haniamini. Lakini asubuhi ya kwanza nilipochukua kichupa, Bibi aliosha mikono yenye unga akaja kusimama mbele ya mbabula. Alimwita Baba kutoka chini ya gari.

"Mwezi unashuhudiwa na watu wawili," alisema. "Na mukojo wa mujukuu wangu pia."

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Nilichemsha mimi, na Baba akakinyanyua kichupa mlangoni, kuelekea mwanga wa mashariki. Bibi alikunja jicho moja.

"Mi naona wingu," Baba alisema.

"Iyo ni kidole yako, imejaa girisi! Futa."

Akafuta. "Bado naona wingu."

"Na mi pia," Bibi alikubali. Msalaba.

Asubuhi ya ishirini na moja tangu kulazwa, msalaba. Ya ishirini na mbili, msalaba. Siku hizo mji ulikuwa umefungwa, maduka yote yamefungwa, na milio ilisikika upande wa Kinama; tulimfikiria Perpetua na viatu vyake kwenye mfuko. Mama aliacha kwenda sokoni. Alikaa akihesabu vidonge, kwa sababu famasi ziliishiwa, na Baba alikuwa amemtuma dereva mmoja anayekwenda Uvira apite njia za panya atutafutie vingine ng'ambo ya mpaka. Vilipatikana wakati nyumbani vimebaki vya siku mbili tu.

Asubuhi ya ishirini na nne Baba alinyanyua kichupa, akakifuta mwenyewe, akakinyanyua tena. Bibi alikunja jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Sema we kwanza," alisema Baba.

"Apana, sema we. Mi macho yangu ni ya zamani."

"Mama, mi sioni kitu."

"Na mi sioni kitu," Bibi alisema. "Ita mama yake."

Mama alitoka ndani na kanga moja begani. Alitazama kupitia kichupa mpaka akaona mti wa jirani upande wa pili, majani yote, moja moja. Hakuna aliyepiga kelele. Bibi alisema tungoje kesho. Kesho yake ulikuwa safi, na kesho kutwa, na mashahidi walikuwepo siku zote.

Sikupona siku hiyo. Kila walipopunguza kidonge niliamka kabla ya alfajiri nikabonyeza mguu wangu gizani, na wewe mzazi utaamka hivyo pia. Sijui dawa ya hofu hiyo. Mwaka uliofuata nilifanya konkuru, nikiwa mkubwa kuliko darasa zima, Janvier akiwa ameshatangulia, na picha kwenye kadi yangu ilikuwa ya uso wa mwezi, hata msimamizi akaomba nimtajie jina la mwalimu wangu ili ajue kweli ni mimi. Mvua ziliporudi nikameza kidonge cha mwisho. Mwezi mmoja baadaye daktari alisema naweza kula chumvi.

Mchana ule Bibi alisukuma kile kisahani cha buluu mpaka kwenye goti langu. Wote waliacha kula. Nilichovya kidole. Ilikuwa kali, karibu niiteme, na Baba alicheka mpaka akapaliwa na maharagwe yasiyo na chumvi, maana hata siku hiyo walikuwa wamesahau kupika namna nyingine.

Kesho yake asubuhi tulichemsha kwa mara ya mwisho. Safi. Nilipofungua daftari kuchora duara, Bibi alinizuia mkono.

"Iyi ya mwisho nitaandika mi."

Alimshika Baba mkono, akapaka kidole gumba chake mwenyewe girisi ya kiganja cha mwanawe, akakikandamiza kwenye karatasi. Ni kidole kilekile kilichopima unga, kilichopima mguu wangu. Alikibonyeza kwa nguvu, akahesabu, akakitoa. Kisha akainama kutazama kama alama imebaki.

Ilibaki.